EJ207 inagonga ikipata moto: kukagua na kubadilisha beringi za konrodi

Kijana_wa_Meru (Arusha)

Heshima kwenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, bodi ya GDB (namba ya toleo la bodi), yenye injini ya EJ207 ya cc 1994 na turbo. Niliinunua ikiwa imetoka Japani, na mita yake sasa inasoma kilomita 118,000, ingawa sote tunajua kwamba mita ya gari la mtumba wakati mwingine husoma kile ambacho muuzaji alitaka isome.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi Arusha kutoka Dar es Salaam, na kuanzia Segera hadi Same niliendesha kwa mwendo ambao sitautaja hapa. Nilipofika Moshi nikachomoa stiki ya oili na kukuta oili imeshuka chini kabisa ya alama ya mwisho. Niliongeza nikaendelea na safari. Tangu siku hiyo, injini ikishapata moto, na hasa ninapoachia pedeli ya mafuta nikiwa kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika, nasikia mlio mwepesi wa kugonga, kama mtu anayepiga kopo kwa kijiti akiwa chumba cha pili. Injini ikiwa baridi mlio haupo. Taa ya oili haijawahi kuwaka hata mara moja. Oili niliyomwaga wiki iliyopita ilikuwa na chembe ndogo zinazometameta kama rangi ya fedha nilipoitazama juani.

Nimewaona mafundi watatu na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka niweke oili nzito pamoja na dawa ya kopo. Wa pili anasema tushushe sampo (karai la oili chini ya injini) tubadilishe kwa chini beringi za konrodi, yaani vipande vyembamba vinavyokaa kati ya krankishafti na konrodi, zile fimbo zinazoishika pistoni, kazi ya siku moja. Wa tatu anataka ninunue injini nyingine ya mtumba. Je, nitajuaje kwa hakika kwamba ni beringi kabla ya kutoa hela kwa yeyote kati yao, na kama ni beringi, kazi yenyewe inafanywaje ipasavyo?

Mzee_Spana (Mombasa)

Mwanangu, jambo la kwanza ni kulizima gari hilo na kutoliwasha tena ila kwa vipimo vichache nitakavyokueleza. Beringi ya konrodi ikianza kuachia haiponi yenyewe, na tofauti kati ya kubadilisha beringi peke yake na kununua krankishafti (krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), konrodi na bloku mara nyingi ni zile kilomita hamsini ambazo mwenye gari alijipa "za kufikia gereji".

Mlio unaousimulia unaelekea kuwa wa beringi. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga injini ikiwa baridi na hutulia inapopata moto, kwa sababu pistoni hutanuka. Beringi hufanya kinyume chake: oili ikiwa baridi ni nzito na inaziba ile nafasi iliyoongezeka, ikipata moto inakuwa nyepesi na chuma kinaanza kukutana na chuma. Kusikika unapoachia mafuta ni dalili nyingine, kwa sababu hapo mzigo juu ya konrodi unageuka, na konrodi iliyolegea huhama kutoka upande mmoja wa shingo ya krenki (sehemu ya mviringo ambayo beringi huishika) hadi mwingine. Hata hivyo hakikisha kwanza kwamba si bati la kukinga joto la egzosi lililolegea, maana nimewahi kuona injini nzima ikishushwa kwa ajili ya bati la namna hiyo.

Kuhusu taa ya oili, usiitegemee hata kidogo. Swichi yake kwenye injini hizi huwasha taa presha inaposhuka hadi karibu baa 0.15, na kufikia hapo beringi zimekwisha kuungua zamani. Toa swichi hiyo, funga geji ya mkono mahali pake, pasha injini hadi oili ifike nyuzi 80, kisha soma. Mwongozo wa Subaru kwa familia ya EJ unataka takriban baa 1 kwenye mizunguko 600 na takriban baa 3 kwenye mizunguko 5,000. Wewe usiifikishe 5,000 katika hali hiyo. Ya sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) na ya 2,000 zitakupa picha ya kutosha. Ukiwa hapo, chomoa soketi ya koili ya silinda moja moja injini ikiwa sailensa. Silinda ambayo ukiizima mlio unapungua au unabadilika ndiyo yenye mgonjwa.

Kisha pasua filta ya oili. Usitumie msumeno wa chuma, kwa sababu unga wake utachanganyika na ushahidi wako. Tumia kikata kopo au patasi kali. Fungua karatasi ya ndani, ikamue, itandaze juani, halafu pitisha sumaku. Hapa wengi hukosea: wakiona sumaku haijashika kitu hufurahi, ilhali beringi hutengenezwa kwa alumini au kwa shaba yenye risasi na bati juu ya mgongo wa chuma, na madini hayo hayashikwi na sumaku. Vipande vyembamba vinavyong'aa na visivyoshikwa na sumaku ndivyo vya kuogopa.

Huyo fundi wa kushusha sampo msamehe, huenda amezoea injini za silinda zilizosimama kwenye mstari mmoja. Injini ya kulala kama hii ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala kushoto na kulia, haifanyiki hivyo. Bloku yake ni nusu mbili zinazokutana wima katikati na kuibana krankishafti, na vifuniko vya konrodi vinatazama upande wa pili wa bloku, si chini. Ili uvifikie, injini itoke kwenye gari, silinda hedi zitoke, pini za pistoni zichomolewe kupitia matundu maalumu yaliyoko mbele na nyuma ya bloku, ndipo bloku ipasuliwe na krankishafti itoke ikiwa bado imeshika konrodi zake zote nne. Atakayekuahidi kazi hiyo kwa siku moja, mwulize aliifanya lini mara ya mwisho.

Binti_Turbo (Dar es Salaam)

Nakubaliana na Mzee, na naongeza neno kuhusu ile injini ya mtumba. Kaka, injini hiyo nayo imetoka kwenye gari usilolijua, imetumia oili usiyoijua, na beringi zake hazijaonwa na mtu tangu zitoke kiwandani. Isitoshe, EJ205, ndugu yake mwenye nguvu ndogo zaidi, huuzwa kwa jina la EJ207 kila siku. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku kabla ya kulipa. Ukinunua ya mtumba kwa gari la namna hii, hesabu kwamba umenunua bloku na krankishafti za kufanyia ovahoo, hujanunua injini ya kufunga na kuondoka.

Jambo jingine ni petroli. STI hii ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haipungui okteni 96 (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati), na ya vituoni kwao mara nyingi hufika 98 hadi 100. Tunachojaza huku ni cha chini zaidi. Mafuta yanapolipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, pigo lake hushuka moja kwa moja kwenye kipande cha juu cha beringi, na turbo ikiwa imeongezwa presha na mtu wa kompyuta asiyejali, beringi hufa hata kama oili ilikuwa imejaa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu oili peke yake, waulize waliokuuzia kama programu ya injini iliwahi kuguswa.

Mchonga_Krenki (Nairobi)

Mimi nimekaa kwenye mashine za kuchonga zaidi ya miaka ishirini, na Subaru zimenilipia karo za watoto, kwa hiyo nitasema juu ya kazi yenyewe baada ya bloku kupasuliwa.

Usitupe beringi za zamani wala usizichanganye. Zipange mezani kwa namba ya silinda, cha juu na cha chini, kwa sababu zitakueleza kilichotokea kuliko fundi yeyote. Mng'ao mpana katikati ya kipande cha juu ni wa kawaida, huko ndiko mzigo uliko. Mikwaruzo inayofuata mzunguko maana yake ni uchafu uliopita ndani ya oili. Tabaka la juu lililofutika na kuacha rangi ya shaba, kwa beringi za tabaka tatu, maana yake zimekwisha. Kwa beringi za alumini hutaona shaba, utaona uso uliochubuka na kupakazwa. Weusi au ubuluu ni joto la kukosa oili. Vishimo vidogovidogo kama uso uliopigwa ndui, hasa kwenye kipande cha juu, humwelekea yule jini wa petroli aliyetajwa na Binti. Beringi iliyolika kona moja juu na kona ya upande mwingine chini inasema konrodi imepinda. Na geuza kila kipande uangalie mgongo wake: ukiwa na mikwaruzo au umesuguliwa hadi kung'aa, beringi ilikuwa inacheza ndani ya konrodi, na konrodi hiyo haifai kurudishwa kabla ya kupimwa.

Baada ya hapo ni mikromita, na mtu asikwambie kwamba kucha ya kidole inatosha. Shingo za konrodi za EJ207 ni za milimita 52. Pima kila shingo mahali pawili kwa urefu na mara mbili kwa mzunguko, ujue kama imekuwa yai au imechongoka upande mmoja. Konrodi nayo ifungwe na kifuniko chake bila beringi, kwa nguvu kamili ya spana ya toki (ile inayokaza kwa kipimo), ipimwe tundu lake. Vifuniko havibadilishani, kila kimoja kirudi kwa konrodi yake na kwa upande uleule kilikotoka. Kisha tia beringi, funga tena, pima tundu, toa kipenyo cha shingo, na kinachobaki ndiyo nafasi ya oili. Kanuni ya zamani ya wachongaji ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, na kwa shingo ya inchi mbili na kidogo hilo ni takriban milimita 0.05. Mwongozo wa injini yako unaruhusu nafasi ndogo kuliko hiyo. Kwa gari linalopigwa hadi mizunguko 8,000 mimi hulenga kati ya 0.04 na 0.05. Plastigeji, ule uzi wa plastiki unaobanwa kisha kupimwa upana, ninautumia kuhakiki hesabu yangu tu, na usizungushe krenki ukiwa ndani.

Nafasi hiyo si ya kuchezea, kwa sababu oili inayovuja kando ya beringi hupanda kwa mchemraba wa nafasi: nafasi ikiwa mara mbili, uvujaji huwa karibu mara nane. Ndiyo maana beringi moja iliyolika hushusha presha ya injini nzima na kuzinyima oili jirani zake ambazo zilikuwa nzima.

Kuhusu kuchonga krenki, Subaru huuza beringi za shingo iliyopungua, za saizi ya milimita 0.03, 0.05 na 0.25. Mbili za kwanza ni za kusahihisha baada ya kung'arisha tu. Ya 0.25 ni ya krenki iliyochongwa, na krankishafti ya STI ina uso uliotiwa ugumu kwa nitrojeni ambao ni mwembamba sana. Ukiichonga bila kuirudisha kwenye tanuri la nitrojeni utapata shingo laini. Kwa matumizi ya kawaida itadumu, kwa gari la kukimbizwa singeifunga mimi.

Mzee_Spana (Mombasa)

Mchonga, hapo kwenye kuchonga tunatofautiana kidogo. Nimefunga krenki za 0.25 kwenye Forester zenye turbo na bado zinatembea. Lakini nakubali kwamba Forester ya kupeleka watoto shule si STI, na kama kijana anaweza kupata krankishafti nzima, aichukue.

Kijana_wa_Meru (Arusha)

Wazee wangu na dada, narudi na matokeo, na samahani kwa ukimya wa wiki tatu.

Geji ilisoma baa 0.5 kwenye sailensa oili ikiwa ya moto. Nilipochomoa soketi ya koili ya silinda ya nne mlio ulikaribia kupotea. Filta ilikuwa na vipande kama maganda ya samaki wadogo, na sumaku haikushika hata kimoja. Tukashusha injini.

Beringi ya konrodi namba nne, kipande cha juu, imechubuka karibu uso wote na kingo zake zimeingia ubuluu. Namba mbili ina mikwaruzo. Namba moja na tatu zinaonekana za kawaida, na migongo yote ni misafi. Shingo ya nne ina mistari inayokwama kwenye kucha na imepungua kwa milimita 0.04; nyingine tatu ziko ndani ya kipimo. Matundu ya konrodi zote yamepimwa na ni duara. Krankishafti nimepata nyingine isiyochongwa.

Kilichonishangaza ni pampu ya oili. Tulipoitoa tukakuta skrubu mbili za bati lake la nyuma zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole, na bati lenyewe lina alama za oili iliyokuwa ikipenya pembeni. Je, hilo peke yake linaweza kuwa chanzo, au ni ile oili iliyopungua njiani? Na swali la pili: fundi wangu anasema tuisafishe bloku kwa petroli na hewa ya kompresa, tufunge beringi mpya, basi. Inatosha?

Mchonga_Krenki (Nairobi)

Vyote viwili vilisaidiana. Skrubu za bati la nyuma la pampu hiyo zinajulikana kwa kulegea, na pampu yenye bati lililoachia hurudisha sehemu ya oili ndani kwa ndani badala ya kuisukuma mbele. Injini ingeendelea kuvumilia hivyo kwa muda mrefu mjini. Ulipoitembeza kwa kasi huku oili iko chini ya stiki, kila kona na kila kushika breki kuliipeleka oili kidogo iliyokuwepo mbali na mdomo wa chujio, na pampu ikavuta hewa. Funga pampu mpya, fungua skrubu zake hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi, zitie gundi ya nyuzi, zikaze upya. Bomba la kuvutia oili ndani ya sampo nalo likaguliwe kwenye maungio ya kuchomelea, kwa sababu la EJ huwa na tabia ya kupata ufa usioonekana, na ufa huo hufanya kazi ileile ya oili iliyopungua.

Jibu la swali la pili ni hapana, haitoshi, na hapa ndipo ovahoo nyingi za Subaru hufia. Vile vipande ulivyoviona kwenye filta ni vile vilivyokamatwa. Vingine vimekwisha kupita. Juu ya filta kuna kipoza oili kinachopitisha maji, na ndani yake ni vijia vyembamba ambavyo petroli na kompresa havivifikii. Kipoza hicho usikisafishe, kibadilishe. Nimepokea injini ileile mara mbili ndani ya mwezi mmoja, beringi mpya zikiwa zimekwaruzwa vilevile, na tulipokikata kipoza cha zamani kilimwaga unga wa beringi za kwanza. Plagi za njia za oili kwenye bloku zitolewe zote na mifereji ipitishwe brashi ndefu, si hewa tu. Krankishafti hata ikiwa mpya ipitishwe brashi kwenye matundu yake. Bolti zenye tundu zinazopeleka oili kwenye turbo na kwenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu zina vichujio vidogo ndani. Viangalie, kwa kuwa kikiziba cha turbo utakuwa umefunga injini nzima ili uue turbo. Valvu za sumaku za mfumo huo zioshwe pia, na turbo yenyewe ikaguliwe shafti yake.

Mzee_Spana (Mombasa)

Nami namalizia upande wa kufunga, mwanangu, maana umefika mbali.

Beringi mpya zikae kwenye konrodi zikiwa kavu mgongoni, bila oili wala alama ya kidole, na oili au grisi ya kufungia ipakwe upande wa shingo tu. Kile kilimi kidogo cha beringi ni cha kukuonyesha mahali pa kuiweka. Kinachoizuia isizunguke ni kule kubanwa kwake ndani ya konrodi, ndiyo maana uchafu kidogo mgongoni unaharibu kila kitu. Bolti za konrodi nunua mpya, zikazwe kwa namba za mwongozo wa EJ207 yako hasa, wala si za EJ25 ya jirani. Beringi kuu za krankishafti badilisha zote hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu bloku ukishaipasua gharama kubwa umekwisha kuilipa. Wakati wa kuunganisha nusu za bloku, silikoni ipakwe uzi mwembamba tu. Inayozidi hukamuliwa ndani, hukauka, na siku moja hukatika na kuziba tundu la oili.

Kabla ya kuwasha, jaza filta oili, chomoa soketi za injekta na za koili, na uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi geji, si taa, ionyeshe presha. Geji hiyo usiirudishe sandukuni; ifunge kwenye dashibodi ikae. Ukiwasha, sikiliza, pasha moto, zima, mwaga oili hiyo ya kwanza ikiwa ya moto bado, na upasue filta. Fanya hivyo tena baada ya kilomita 500, na tena baada ya 1,500. Kama filta ya pili ina vumbi jepesi na ya tatu ni safi, umemaliza. Kama ya tatu bado inang'aa, usiendelee kuliendesha, tuandikie hapa.

Kijana_wa_Meru (Arusha)

Nashukuru sana. Kipoza kipya na pampu vimeagizwa, na fundi amekubali kutoa plagi zote za bloku baada ya kumsomea maneno ya Mchonga kwa sauti mbele ya wenzake, jambo ambalo hakulifurahia. Nikishapasua filta ya kilomita 500 nitaweka picha.

Binti_Turbo (Dar es Salaam)

Weka na picha ya stiki ya oili, kaka. Kila unapojaza mafuta.